Pamba yenye bitana, poliesta ya ringi au pazia la giza: lipi kwa dirisha lipi hapa Mwanza

Jirani yangu hapa Isamilo kahamia nyumba yake mwenyewe, madirisha saba, na kwa miezi miwili amekuwa akilala na khanga zilizofungwa kwenye nondo. Jumamosi moja akaniita. Juu ya kochi alikuwa ametandaza vipande vitatu alivyokatiwa dukani: pamba nzito ya rangi ya udongo, poliesta ya kijivu inayong'aa kidogo, na kitambaa cha kuziba mwanga chenye mgongo mweupe. "Nichagulie kimoja dada, nimechoka," akasema. Nikamuuliza kila dirisha linatazama wapi. Akaniangalia kama vile nimemuuliza dirisha lina dini gani. Tukazunguka chumba kwa chumba mpaka chai ikapoa.

Mimi si fundi wala sina duka. Nimeshonesha mapazia ya nyumba tatu katika mji huu, na kila nyumba ina kosa nililolilipia.

Cha kuangalia kabla ya rangi

Wengi tunaanza na rangi ya kochi. Lakini rangi utaipata katika vitambaa vyote vitatu, kwa hiyo haikusaidii kuchagua kati yake. Kinachosaidia ni haya: jua linaingia upande gani na saa ngapi, upepo wa ziwa na vijidudu vinavyokuja nao, nani anaweza kukuona, na akiwa amesimama wapi, utafua vipi na utaanika wapi, halafu zitaliwa mita ngapi, kwa mshono gani.

Tunaolinganisha ni hawa. Wa kwanza ni pamba, au pamba iliyochanganywa na kitani, iliyowekewa bitana kwa nyuma na kushonwa marinda. Wa pili ni poliesta ya upana wa sentimita 280, wazi au jakadi (yenye michoro iliyofumwa humohumo), inayotobolewa na kuwekwa ringi. Ndiyo imejaa mjini. Wa tatu ni pazia la giza: kitambaa kilichopakwa tabaka la kuzuia mwanga kwa nyuma, au kilichofumwa na uzi mweusi katikati. Shia, lile pazia jembamba linalopitisha mwanga, siihesabu kama mshindani, maana inakaa nyuma ya yeyote kati ya hawa.

Jua

Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini ya ikweta. Jua la saa saba mchana linapiga bati, madirisha ya kaskazini na kusini yanapona. Taabu iko mashariki na magharibi, hasa magharibi, kwa sababu huko ndiko liliko ziwa. Saa yetu ni ileile ya Dar es Salaam wakati sisi tuko mbali magharibi, kwa hiyo jua letu huzama kwa wastani dakika 25 hivi baada ya lao, karibu saa moja jioni. Kuanzia saa tisa linaingia ndani likiwa limeinama, chini ya kenopi, na mng'ao wa maji unaliongezea. Baraza haikusaidii hapo. Aliyekaa Capri Point upande wa maji anajua ninachosema.

Pamba ikipigwa hivyo inapauka, na nyuzi zake zinadhoofu. Ukingo ulio karibu na kioo ndio huanza. Siku unafungua marinda unakuta mistari kama ya punda milia. Ndiyo maana bitana si urembo. Inapokea kipigo badala ya kitambaa, na ikichoka inafumuliwa inawekwa nyingine, pamba yako ikabaki. Ukiambiwa "hii haihitaji bitana" na dirisha lako ni la magharibi, shukuru uendelee mbele.

Poliesta inastahimili jua zaidi ya pamba kwa upande wa uzi. Rangi ni habari nyingine, inategemea ilivyotiwa. Tatizo lake kwa dirisha la magharibi ni kwamba nyingi ni nyepesi: mwanga unapita, chumba kinakuwa cha kijivu lakini joto ni lilelile.

Pazia la giza lenye mgongo mweupe linarudisha sehemu kubwa ya mwanga kwenye kioo kabla haujawa joto la chumba. Kwa jua peke yake, hili liko mbele. Ila ukiwa umelifunga saa kumi jioni umefunga na ziwa pia, na kama ulilipia kiwanja kwa ajili ya ule mwonekano, utakaa gizani ukiufikiria.

Ukinunua la giza, usimwamini muuzaji wala mimi. Washa tochi ya simu, iweke nyuma ya kitambaa, tazama mbele. Linaloonyesha vitobo vidogo kama nyota litakuonyesha nyota hizo kila saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Upepo, na wale wadudu

Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Ukiwa kwenye kilima chenye mawe unaupata wote.

Poliesta nyepesi inapaa. Inapita kwenye nondo, inanasa kwenye komeo la aluminiamu, siku moja inachanika. Dawa ni kuweka uzito ndani ya upindo wa chini. Fundi wangu alitumia washa za chuma, vile viduara vya kuweka chini ya nati, mojamoja kila kona, na yakatulia vizuri mpaka nilipoyafua. Yalipokauka kila kona ilikuwa na duara la kutu, la kahawia, saizi ya shilingi mia. Waambie waviringe washa kwenye nailoni kwanza, au wawe na vizito maalumu.

Pamba yenye bitana ina uzito wake wa kutosha, inayumba tu. La giza halipai wala haliyumbi. Linajaa upepo kama tanga la mtumbwi, lote kwa pamoja, na linavuta fimbo. Kama fimbo imezidi mita 2 na haina kishikio cha katikati, utaiona imepinda kabla ya mwaka kuisha.

Halafu wadudu. Wageni huona wingu kama moshi linatoka ziwani wakapiga picha. Sisi tunajua usiku utakavyokuwa. Hawaumi, lakini ni wadogo kiasi kwamba wavu wa mbu hauwazuii wote, na wanafuata taa. Mara nyingi wanakuja kwa wingi karibu na mwezi mwandamo. Pazia la giza linasaidia kwa njia isiyotangazwa dukani: taa ya ndani haionekani nje, hivyo wachache wanakuja. Pamba yenye bitana inafanya karibu sawa ikiwa imefika ukutani pembeni. Poliesta nyepesi haizuii mwanga, lakini asubuhi unaikung'uta mara mbili wameanguka. Kwa vitambaa vyote, usiwapanguse kwa kitambaa kibichi. Wanapondeka na kuacha doa. Subiri wakauke, tumia brashi. Mahameli sijaitaja kabisa, na hii ndiyo sababu: wakiingia kwenye yale manyoya yake hawatoki.

Macho ya watu

Hapa ndipo vitabu vya mapambo vya watu wa nchi tambarare vinatuacha. Mwanza jirani hayuko kando tu, yuko juu. Nyumba ya Mabatini au Igogo inaweza kuwa na mlango wa mtu mwingine ulio sawa na dari lako, na mtoto amekaa juu ya jiwe anakula muwa akitazama sebuleni kwako.

Hesabu yake ni rahisi ukisimama. Mtu aliye barabarani usawa wako anaona sehemu ya chini ya dirisha, nusu pazia linamtosha. Mtu aliye juu anapenya sehemu ya juu ya kioo na kuona sakafu, kochi, na nani kalala. Nusu pazia kwake ni bure. Kwa hiyo toka nje, panda pale jirani anapokaa, mwache mtu ndani akae kwenye kochi, uone unaona nini. Jirani yangu alifanya hivyo na kugundua kuwa kwa miezi miwili jikoni kwake kulikuwa kama jukwaa.

Mchana shia inatosha kwa sababu nje kuna mwanga zaidi ya ndani. Ukiwasha taa mambo yanageuka, wewe ndiye televisheni. Hapo pazia la pili ndilo linalofanya kazi. Poliesta ya jakadi nzito inaficha, nyepesi inaonyesha kivuli cha mwili; ipime usiku kabla hujanunua mita ishirini, omba kipande. Pamba yenye bitana inaficha bila shaka. La giza linaficha kabisa, ila likiwa la ringi linaacha mwanya juu, kati ya ringi na ringi, na pembeni pale fimbo inapoishia. Kama unalitaka kwa ajili ya giza hasa, lishonwe la marinda kwenye reli inayokunja kona hadi ukutani. Ringi na giza haviendani vizuri, ingawa wengi wanaviuza pamoja.

Kufua

Poliesta inashinda hapa, na sitaki kuizungushia. Unaifua asubuhi, unaianika, jioni imerudi dirishani. Haitaki pasi, ukiipiga pasi ya moto inayeyuka. Ukiwa na watoto na barabara ya vumbi, kiangazi cha Juni hadi Agosti utafua mara mbili, na utaibariki.

Pamba yenye bitana ikilowa ni mzigo wa watu wawili. Nimewahi kuanika juu ya mawe nyuma ya nyumba, kama tunavyofanya wote, na jiwe la jua likaikausha kwa siku moja. Masika ni siku mbili, na harufu inaanza. Kosa langu la Nyegezi liko hapa: sikulowesha pamba kabla ya kushona. Pamba inaweza kurudi asilimia 3 hadi 5 kwenye maji ya kwanza. Mapazia ya sentimita 230 yalipanda karibu sentimita 9, yakaning'inia juu ya vigae kama suruali ya mvulana wa darasa la saba. Loweka kitambaa, na bitana nayo, kikauke, ndipo kiende kwa fundi.

La giza linafuliwa kwa upole: maji ya vuguvugu, hakuna kukamua kwa nguvu, hakuna kukunja likiwa bichi. Lile lililopakwa likivunjwavunjwa linapasuka, na kila ufa ni mstari wa mwanga. Lililofumwa linavumilia zaidi. Pasi ipite upande wa kitambaa tu.

Jambo moja kwa vyote vitatu. Picha za mtandaoni zinaonyesha mapazia yaliyomwagika sakafuni. Sisi tunadeki kila siku. Acha sentimita 1 na nusu kati ya upindo na kigae.

Mita, mshono, na bei halisi

Watu wanalinganisha bei ya mita. Linganisha bei ya dirisha. Chukua dirisha la upana wa sentimita 150. Fimbo ipite sentimita 20 kila upande ili pazia likifunguliwa lisile kioo, inakuwa 190. Pazia lenye kujaa vizuri linataka kitambaa mara mbili ya fimbo, yaani 380. Urefu kutoka kwenye fimbo hadi chini, tuseme 230, jumlisha 10 ya kichwa na 15 ya upindo: 255.

Poliesta ya sentimita 280 inalazwa, upana wake unakuwa urefu wa pazia. Unakata mita 3.8, pamoja na pindo za pembeni chukua 4. Kazi imekwisha.

Pamba ya upana wa 150 inasimama. Unahitaji vipande vitatu vya 255, yaani mita 7.65; nunua 8, na nusu mita ya kurudi kwenye maji. Bitana nayo ni karibu hivyohivyo. Kama ina maua yanayojirudia kila sentimita 60, kila kipande kinakatwa mita 3 ili ua likutane na ua, na sasa uko mita 9. Pale Pasiansi nilinunua mita 7 za maua. Fundi alinyoosha futi kamba, akarudia, akanyamaza, akasema, "Mama, hapa ua moja litakuwa na kichwa na jingine miguu." Nilirudi mjini, jora lilikuwa limeisha.

La giza halihitaji kujaa sana kwa sababu ni zito. Mara moja na nusu inatosha: 285, yaani mita 3 za kitambaa cha 280. Linapatikana pia la upana mdogo, uliza kabla ya kuzidisha.

Kwa hiyo pamba inayouzwa nusu ya bei ya poliesta kwa mita inaweza kukuishia ghali zaidi ukijumlisha bitana na ufundi wa marinda. Inauma kidogo, maana tumezaliwa katikati ya pamba. Ukiriguru wametafiti mbegu zake miaka mingi, wazazi wetu waliiita dhahabu nyeupe, lakini sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa marobota na sisi tunarudi nyumbani na poliesta ya Uchina.

Kuhusu mshono, machache. Ringi: kila pazia liwe na idadi ya shufwa, ili kingo zote mbili zitazame ukutani, tisa ni kosa, kumi ni sawa. Fimbo ya milimita 28 inapita vizuri kwenye ringi yenye tundu la 40. Marinda: utepe na kulabu, kazi zaidi, lakini yanakaa kwenye reli na yanakunja kona. Pamba yenye vipande vitatu igawanywe kipande kimoja na nusu kila upande, na ile nusu ikae ukutani, si katikati ya dirisha. Fundi mzuri anajua, lakini mwambie.

Mtumba na blaindi

Pale Mlango Mmoja utapata mapazia ya mtumba ya pamba nzito yenye bitana tayari, kitu ambacho kukishonesha upya ni ghali. Shida ni kupata mawili yanayofanana na urefu unaokufaa. Kwa chumba kimoja, jaribu bahati. Kwa sebule ya madirisha matatu, utazeeka.

Blaindi zinafaa jikoni na ofisini. Karibu na jiko la gesi sipendi kitambaa chochote: pamba inawaka, poliesta inayeyuka na kudondoka. Kamba za blaindi zifungwe juu, mtoto asizifikie.

Kwa hali yako

Kama wewe ni mpangaji na mkataba ni wa mwaka, chukua poliesta ya ringi. Unaondoka nayo, na upana uliozidi unasameheka kwenye dirisha lingine. Shona upindo wa chini mrefu, sentimita 20, ili nyumba ijayo ikiwa na dirisha refu unaushusha. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa ukuta.

Kama ni nyumba yako, sebule inatazama ziwa, na unapanga kukaa, pamba yenye bitana pamoja na shia kwenye fimbo dabo ina sababu zake. Inatulia kwenye upepo na inakubali kubadilishwa bitana. Lakini uwe na mtu wa kukusaidia kukamua, na kamba au jiwe la kuanikia.

Muuguzi wa zamu ya usiku, mama mwenye kichanga, mlinzi anayelala mchana: la giza, chumbani tu, kwenye reli, dirisha la pili likiwa wazi upande wa pili ili hewa ipite. Nyumba nzima ya mapazia ya giza ni joto na huzuni.

Watoto wengi na vumbi, barabara haijawekwa lami: poliesta, jakadi nzito upande wa jirani wa juu, rangi ya kati. Nyeupe itakuonyesha kila kitu na nyeusi itakuonyesha vumbi.

Bajeti ni ya dirisha moja tu kwa sasa? Anza na la magharibi. Mengine yanaweza kusubiri na shia.

Jirani yangu aliishia hivi: pamba na bitana sebuleni madirisha mawili, poliesta ya ringi vyumba viwili vya watoto, la giza chumbani kwake maana mumewe anaingia kazini saa nne usiku, blaindi jikoni. Dirisha la saba ni la stoo. Pale khanga bado ipo, na juzi alinyanyua upindo wake kunionyesha: ameshaweka washa, zimeviringwa kwenye nailoni.